Simbilisi wa maabara: dhana potofu na ukweli

Dhana: Simbilisi ndiye mnyama anayetumika kuliko wote maabarani.

Sivyo. Panya na samaki wanamzidi kwa mbali. Umaarufu wake ni wa kazi za zamani, tangu mwanakemia Lavoisier alipomtumia miaka ya 1780 huko Ufaransa kupima joto linalotoka katika mwili unaopumua.

Dhana: Huchaguliwa kwa sababu ya upole wake tu.

Upole unarahisisha kazi, lakini sababu kubwa imo mwilini mwake. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakichunguza beriberi, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini B1, na wanyama wakaugua kiseyeye, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C. Panya asingeugua kwa chakula hicho, kwani mwili wake hujitengenezea vitamini C. Simbilisi hawezi, na sisi pia hatuwezi.

Dhana: Dawa ikimdhuru simbilisi, itamdhuru na binadamu.

Penisilini inaweza kumuua simbilisi kwa kuvuruga bakteria wa utumbo wake, ilhali imeokoa mamilioni ya watu. Kwa bahati njema, watafiti wa Oxford mwaka 1940 waliijaribu kwa panya.

Dhana: Mtafiti humfanyia mnyama apendavyo.

Tangu 1959, wanasayansi Russell na Burch wa Uingereza walisisitiza mambo matatu: kutafuta mbadala wa mnyama, kupunguza idadi, kupunguza maumivu. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama. Naona ni haki kabisa. Rangi ya mdomo haistahili uhai wa kiumbe.

Dhana: Kifua kikuu huambukizwa kwa kuchangia vikombe na sahani.

Sivyo. Huambukizwa kwa hewa, na hapa simbilisi ndiye shahidi mkuu. Ugonjwa huu humpata upesi mno, hata akivuta bakteria wachache tu, na daktari Mjerumani Robert Koch alimtumia alipothibitisha chanzo cha ugonjwa huo mwaka 1882. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake waliipitisha hewa ya wodi ya kifua kikuu kwenye mabomba hadi chumba cha simbilisi kilichokuwa juu ya paa. Wanyama hawakuwahi kuwagusa wagonjwa wala vyombo vyao, ila wakaambukizwa. Kundi jingine lilipelekewa hewa ileile baada ya kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, unaoua bakteria, na hakuna aliyeambukizwa. Riley aligundua pia kwamba wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa, iwapo bakteria wao hawakuwa sugu kwa dawa hizo, waliambukiza kidogo mno.

Utafiti wa namna hiyo uliendelea eMalahleni, Afrika Kusini, kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu kwa dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa wagonjwa walipokaa bila barakoa, simbilisi 69 kati ya 90 waliambukizwa. Walipovaa, 36 kati ya 90.

Inauma kuona bado kuna nyumba ambako mgonjwa hutengewa kikombe kama mkosaji, huku chumba wanacholala wote kimefungwa madirisha usiku kucha. Mpeni kikombe kama wengine. Fungueni madirisha, avae barakoa wiki za mwanzo, na dawa zake asiziache hadi amalize.