Walio chini ya mnara lakini nje ya mtandao

Mjadala wa pengo la kidijitali nchini kwetu Tanzania huishia kwenye minara: vijiji vingapi vina mawimbi na vingapi bado. Hoja hiyo ina uzito. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili kampuni za simu zijenge minara kule ambako faida pekee isingezipeleka, na kazi hiyo haijaisha.

Lakini tazama takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, za mwaka 2023. Kusini mwa Sahara, takriban asilimia 13 ya watu waliishi mahali pasipofikiwa na intaneti ya simu. Asilimia 27 walikuwa wakiitumia. Waliobaki, asilimia 60, mawimbi yanawafikia na hawayatumii.

Kikwazo cha kwanza ni simu yenyewe. Kwa mkulima anayeshika fedha baada ya mavuno tu, simu janja hushindana na mbolea na sare za shule, na aghalabu hushindwa. Mwaka 2021 Serikali ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa. Binafsi sikuushangaa mwisho huo, kwa sababu msamaha wa namna hiyo humfikia mwagizaji kwanza, na hakuna kinachomlazimisha kuufikisha kwa mnunuzi. Halafu kuna bando: asiye na fedha hununua la siku, na kwa kila megabaiti hulipa zaidi ya yule anayemudu la mwezi.

Gharama isiyozungumzwa sana ni ya steshenari. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya ajira serikalini, hata ya cheti cha kuzaliwa, siku hizi hufanyika mtandaoni. Asiye na kompyuta, au asiyejua kuitumia, hulipia ajaziwe fomu, askaniwe vyeti, kisha achapishiwe. Dirisha la ofisi halikuondoka bure; gharama yake imehamia kwa mwananchi, tena yule mwenye uwezo mdogo zaidi. Maoni yangu ni kwamba taasisi inayofunga dirisha ibaki na kompyuta na mtumishi wa kusaidia watu, bila malipo, walau katika kila wilaya.

Kwa sasa, ukienda steshenari usikubali kusajiliwa kwa barua pepe au namba ya simu ya mhudumu. Ujumbe wa kuthibitisha utaenda kwake, na siku ukihitaji kurekebisha taarifa utalazimika kumtafuta, kama bado yupo. Nenosiri (password) liandike mwenyewe kwenye daftari lako, hakikisha akaunti imefungwa kabla ya kuondoka, na omba mafaili ya vyeti vyako yafutwe kwenye kompyuta ile.

Kuna njia nyingine ambayo watunga sera huidharau kwa kuwa haina mvuto. M-Pesa ilienea Kenya tangu 2007, na Tanzania tangu 2008, bila kumdai mtu simu janja wala bando. Menyu ya Serikali ya *152*00# hufanya kazi vivyo hivyo kwa baadhi ya huduma, kwenye kitochi chochote chenye mawimbi. Kabla ya taasisi kuagiza programu mpya ya simu, ijiulize kwanza ni hatua zipi za huduma yake zingetosha kwenye menyu hiyo.