Vyama Viwili, Meza Moja: Nani Mwenye Haki ya Kujadiliana na Mwajiri?

Vyama viwili vinapogombea kuwasemea wafanyakazi walewale, mgogoro huo huonekana kuwa ni ugomvi wa viongozi, lakini ukiuchambua utakuta kwamba mara nyingi ni ugomvi wa hesabu. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1948, unawapa wafanyakazi haki ya kuanzisha au kujiunga na chama wanachokitaka bila kuomba kibali kwanza, na ule wa Namba 98, wa mwaka 1949, unavilinda vyama dhidi ya kuingiliwa na mwajiri. Hakuna kati ya hiyo miwili unaotaja chama cha kuketi mezani vinapokuwa viwili. ILO inakubali sheria ya nchi itoe nafasi hiyo kwa chama chenye wanachama wengi zaidi peke yake, mradi vigezo viwe vimewekwa mapema na visiegemee upande wowote.

Tuchukue mfano wa kiwanda chenye watu 400, ambao 40 kati yao ni mameneja wasiohusika na majadiliano, katika nchi ambayo sheria yake inataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Chama cha kwanza kinaleta fomu 190 za wafanyakazi waliokubali kukatwa ada ya chama kwenye mshahara, cha pili 150. Ukigawa kwa 400, hakuna aliyefikia nusu. Ukiwaondoa mameneja, nusu inakuwa 180 na chama cha kwanza kimepita. Kisha fomu zinapangwa kwa majina, na inaonekana kwamba watu 25 wametia saini kote kuwili, saini ya karibuni ikiwa ya chama cha pili. Chama cha kwanza kinabaki na 165, na ushindi uliokwisha kutangazwa getini unayeyuka. Fomu hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kanuni ya kuzihesabu.

Kwa hiyo swali la nani ahesabu lina uzito kuliko idadi yenyewe. Mwajiri hafai, hata akiwa na nia njema, kwa sababu chama atakachokichagua kitaitwa chama chake siku hiyohiyo. Vyama navyo haviwezi kuwa mwamuzi wa kesi vinayoshindania. Kazi hiyo huachiwa chombo huru, kama tume ya usuluhishi au mahakama ya kazi, ambacho hukagua fomu kwa kuzilinganisha na orodha ya mishahara ya tarehe moja iliyotajwa, au huitisha kura ya siri. Binafsi naiamini zaidi kura, maana fomu hujazwa mbele ya macho ya wenzako.

Chama kilichoshindwa hakifutiki. Msimamo wa ILO ni kwamba chama cha wachache kiendelee walau kuwasemea wanachama wake katika malalamiko yao binafsi, hivyo mwanachama wake anayeitwa kujibu shauri la nidhamu aruhusiwe kuingia na kiongozi wa chama chake, ingawa si hicho kilichosaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri.