Vidonge vitatu vya kliniki na jeni iliyokosekana

Maswali haya huulizwa na kina mama kwenye benchi la kliniki hapa Ngamiani, Tanga.

Siumwi, mbona nesi ananisimamia nimeze vidonge vitatu kwa mpigo?

Hiyo ni SP, mama, dawa ya kukinga malaria (sulfadoksini na pirimethamini). Kwa mjamzito, vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma bila hata homa. Wewe unapungukiwa damu, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Miezi mitatu ya mwanzo ikipita, unameza angalau dozi 3 hadi kujifungua, zikipishana mwezi au zaidi. Kama unatumia septrini kila siku, sema mapema, maana hutapewa SP.

Inamdhuruje mdudu, mimi inaniacha?

Mdudu huyo, yaani kimelea cha malaria, anahitaji foleti, aina ya vitamini B, ili azaliane. Sisi foleti tunaila: mchicha, kunde, maini. Yeye anajitengenezea, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoifanyisha kazi. SP inaziba hatua mbili. Ndiyo maana vidonge vya foliki (foleti ya kutengenezwa) vya miligramu 5 vinaipunguzia nguvu, lakini vya 0.4 havina neno.

Nimesikia kimeng'enya kimoja hakikuonekana. Kilipatikanaje?

Swali hili nalipenda sana. Mwaka 2002 jenomu, yaani jeni zote, ya kimelea cha malaria Plasmodium falciparum ilichapishwa, kromosomu zote 14. Jeni ndiyo maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya. Zilipopangwa hatua za foleti, katikati pakawa na pengo: jeni wanayoitumia bakteria na mimea haikuwemo. Na foleti inatengenezwa!

Chukulia umeingia jikoni kwa jirani. Mbuzi ya kukunia nazi hakuna, lakini tui linachemka. Ukipita nyumba nyingine zisizo na mbuzi, ukakuta kila moja ina blenda, ushajua nazi inasagwa na nini. Wanasayansi nao walipita "nyumba" nyingi, wakilinganisha jenomu za viumbe mbalimbali. Bakteria kadhaa wasio na jeni ile ya kawaida walikutwa na jeni nyingine, na kimelea cha malaria anayo ya aina hiyohiyo. Ni ndugu wa jeni iliyomo hata mwilini mwetu, ila kwetu inasaidia kutengeneza kemikali za ubongo.

Kulinganisha hukuonyesha pa kutazama tu. Uthibitisho ni maabara. Mwaka 2008 watafiti walichukua bakteria walioondolewa jeni yao ya hatua hiyo, wasioweza kukua bila msaada, wakawapandikiza ile ya kimelea. Wakakua.

Basi si itengenezwe dawa ya kukiziba hicho nacho?

Tunaitamani, hasa sisi wa Tanga, maana Muheza na Korogwe usugu wa vimelea dhidi ya SP umeonekana miaka mingi, na mgonjwa wa malaria sasa hupewa dawa ya mseto. SP imebaki kuwakinga wajawazito. Lakini kumbuka undugu ule: kimeng'enya chetu kina sisteini mahali ambapo cha kimelea kina glutamati (vyote ni vipande vinavyojenga protini). Dawa hiyo itabidi imguse mwenye glutamati na kumpita mwenye sisteini.