Je, wajua kwa nini hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani, anaweza kupata utapiamlo huku bakuli lake limejaa?

Huko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, wapo hamsta wa porini ambao wamekuwa wakipungua kadiri mahindi yalivyochukua nafasi ya ngano mashambani. Watafiti wa Strasbourg wakiongozwa na Mathilde Tissier waliwaweka majike maabarani, wengine wakala ngano na wengine mahindi, huku kila kundi likiongezewa majani ya klova (mmea wa jamii ya kunde) au minyoo ya ardhini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Majike wa makundi yote walizaa bila tofauti kubwa. Lakini kwa walaji wa ngano, karibu watoto wanne kati ya kila watano walifika umri wa kuachishwa ziwa. Kwa walaji wa mahindi walifika 5 tu kati ya kila 100. Wengine waliliwa wakiwa hai na mama zao, ambao walikimbia huku na huko kizimbani, wakawarundika vichanga juu ya akiba yao ya mahindi, kisha wakaanza kula.

Majike hao hawakuwa na njaa. Walikosa vitamini B3, yaani niasini. Niasini ya mahindi imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua, na mahindi yana triptofani kidogo mno, ile sehemu ya protini ambayo mwili huitumia kujitengenezea niasini wenyewe. Ndimi zao zilivimba na kuwa nyeusi, damu ikawa nzito. Watafiti walipoongeza vitamini B3 kwenye mahindi yaleyale, majike wakalea watoto wao kama kawaida.

Upungufu huohuo kwa binadamu huitwa pelagra, na haupo mbali nasi. Mwaka 1990 uliwapata zaidi ya watu 17,000 miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao uliotegemea mahindi. Sahani ya makande au githeri haina tatizo hilo kwa sababu maharage yanaleta kile ambacho mahindi hayana.

Hamsta wa nyumbani ni wa jamii nyingine. Anayefugwa zaidi duniani ni hamsta wa Syria, ambaye ukoo wake unatokana na mama na vichanga waliochimbuliwa karibu na Aleppo mwaka 1930 na mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni. Hata hivyo somo la Alsace linamhusu moja kwa moja, maana naye huweza kushiba kila siku na bado akapungukiwa.

Chanzo kikubwa ni mchanganyiko wa mbegu unaouzwa kwenye mifuko. Kwenye karatasi umekamilika: kuna alizeti, karanga, mahindi, shayiri, na peleti, yaani vidonge vya chakula kilichosagwa na kushindiliwa. Tatizo ni kwamba hamsta huchagua. Huokota kwanza alizeti na karanga, zenye mafuta mengi na kalisi kidogo, na kuziacha peleti ambazo ndizo zilizowekwa vitamini na madini. Mfugaji akiona bakuli tupu huongeza chakula, na mnyama anapata awamu nyingine ya alizeti. Baada ya miezi kadhaa amenenepa, manyoya yamepoteza mng'ao, mifupa imedhoofika.

Bakuli tupu lenyewe hudanganya. Hamsta ana mifuko ndani ya mashavu inayofika hadi mabegani, naye hubeba chakula na kukificha chini ya maranda. Kabla ya kuongeza chochote, kagua ghala lake. Punje kavu mwachie, kwa kuwa kumnyang'anya akiba yote kunamtia hofu. Mboga mbichi ziondoe siku hiyohiyo kabla hazijaoza.

Msingi wa mlo uwe peleti za hamsta zenye protini asilimia 16 hadi 20 na mafuta asilimia 4 hadi 7. Hamsta wa Syria aliyekomaa anatosheka na gramu 10 hivi kwa siku, sawa na kijiko kimoja kikubwa; wale wa aina ndogo, kijiko kimoja hadi viwili vya chai. Peleti za sungura pekee hazimfai, kwani zina nyuzi nyingi na protini haba. Chakula cha kuku nacho kiepuke, kwa kuwa baadhi huwekewa dawa. Juu ya msingi huo mpe punje chache za mtama, uwele au ulezi, na mara mbili kwa wiki kipande cha yai la kuchemsha chenye ukubwa wa harage. Porini hamsta hula wadudu pia, kwa hiyo protini ya mnyama haimdhuru. Tango au sukuma wiki iwe kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimeoshwa na kukaushwa. Alizeti na karanga ziwe tunu ya kumpa mkononi, moja au mbili. Karanga au mahindi yenye ukungu yatupe kabisa, hata kama ukungu umeonekana kwenye punje chache, kwa sababu sumukuvu huharibu ini.

Matunda yanahitaji uangalifu zaidi. Hamsta wadogo wa Campbell na wale wa China hupata kisukari kwa urahisi, hivyo ndizi, embe na zabibu ni afadhali wasionje kabisa. Akianza kunywa maji kupita kawaida, maranda yakalowa kila siku na uzito ukashuka ingawa anakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa kawaida hunywa takriban mililita 10 kwa kila gramu 100 za uzito wake, kwa hiyo alama kwenye chupa ya maji itakueleza mapema. Mzani wa jikoni, mara moja kwa wiki, utakueleza mengine.

Vitunguu vya aina zote, chokoleti, parachichi, machungwa na maharage makavu yasiyopikwa visiingie kizimbani. Pipi na vyakula vinavyonata huganda ndani ya mifuko ya mashavu na kuleta vidonda.

Unapobadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza kipya kidogo kidogo. Vijidudu vya tumboni mwake vinahitaji muda huo, na badiliko la ghafla huleta kuhara. Kwa hamsta mchanga wa wiki 3 hadi 10, mkia na makalio kulowa kinyesi cha majimaji ni dharura: anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Hapo usikimbilie amoksilini ya duka la dawa. Penisilini na jamaa zake huua vijidudu vyema vya tumbo la hamsta, vile vibaya hushamiri na kumwaga sumu, na mnyama hufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na umtajie waziwazi kwamba mgonjwa ni hamsta kabla hajaandika dawa.