Kulipa Dhamana Si Kumaliza Kesi

Jana saa tatu asubuhi niko kortini, hakimu ameita kesi, mashahidi wawili wa mashtaka wamefika, mteja wangu hayuko. Natoka nje nampigia simu, ananijibu akiwa soko la Gikomba anapanga viatu. "Wakili, kwani hii maneno haikuisha? Si tulilipa dhamana?" Nikarudi ndani nikaomba muda, hakimu akakataa, waranti ya kumkamata ikatoka. Huyo ni wa tatu mwezi huu na wote wana maneno yale yale, ndio nimeamua niandike mara moja, anayeuliza tena nimtumie hii.

Dhamana si faini. Faini unalipa ukishapatikana na hatia na hiyo pesa imeenda. Dhamana unaweka wakati bado hujapatikana na hatia yoyote, ni rehani, unaiachia korti ndio ijue utarudi. Ni kama vile unaacha kitambulisho kwa askari wa mlangoni ukiingia zile ofisi za town, hujanunua chochote na hicho kitambulisho, kinakungoja utoke. Ukifika kila tarehe mpaka kesi iishe, pesa inarudi kwa aliyeiweka, na inarudi hata kama mshtakiwa amepatikana na hatia akafungwa, hii nikisema watu hawaniamini kabisa. Kinachoipoteza ni kukosa kuja.

Nafikiri hii dhana watu wameitoa kwa sinema. Marekani, majimbo mengi yana kampuni za kukuwekea dhamana, wewe unawalipa kama asilimia 10 na hiyo hairudi, ni malipo ya kazi yao, sasa mtu anaona kwa TV jamaa amelipa ametoka anadhani ndivyo dunia yote ilivyo. Hata huko kwenyewe hawafanani, Illinois waliondoa dhamana ya pesa kabisa Septemba 2023. Uingereza kwa kawaida huweki hata shilingi, kuna sheria ya dhamana ya 1976, unaachiliwa na masharti ama bila, na usiporudi bila sababu nzuri, kule kutorudi tu ni kosa lingine unashtakiwa nalo. Sisi hapa Kenya hizo kampuni hatuna. Pesa ni yako, ama ya familia, ama mdhamini amekuja na hati ya shamba ama logbuku ya gari.

Na hapo ndipo inaniuma. Kuna mama mmoja anauza sukuma na nyanya, alilipia kijana wake dhamana ya 30,000, pesa ya chama cha akiba cha wanawake wenzake, walimkopesha wakijua itarudi. Kijana alikuwa ameambiwa na wenzake kule rumande kwamba dhamana ikilipwa faili inafungwa, kwa hivyo akaruka tarehe ya kwanza, akaruka ya pili. Mama alikuja ofisini na risiti ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, ameificha kwa leso, akaniuliza pesa anaendea wapi. Nilimwambia korti ishaamuru iende serikalini. Alikaa kwa kile kiti hajasema kitu, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole wanawake wa chama ni wangapi.

Mdhamini ndiye huwa kwa shida zaidi, na wengi wanatia sahihi kwa huruma bila kuuliza. Mshtakiwa akitoroka, korti inakuita ueleze kwa nini usilipe kile kiasi kilichoandikwa kwa bondi, yaani ile ahadi uliyotia sahihi, usipolipa mali inaweza kukamatwa iuzwe, na isipotosha unaweza kufungwa hadi miezi sita wewe ambaye hukuiba chochote. Kama umeona kijana ameanza kubadilisha nambari za simu, nenda kortini mapema uombe uondolewe udhamini, sheria inakuruhusu.

Sasa fanyeni hivi, kila mteja wangu namwambia na nitaendelea kusema. Risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo na ile ya karatasi iwekwe mahali pakavu. Jina kwa risiti liwe la mwenye pesa, kwa sababu huyo ndiye atarudishiwa, si mshtakiwa na si ndugu aliyetumwa kulipa. Usitoke kwa chumba cha korti kabla hujaandika tarehe inayofuata, kama hujasikia vizuri muulize karani. Ukiwa mgonjwa, barua ya daktari ifike kortini asubuhi ya kesi, si wiki mbili baadaye ukishashikwa.

Kuna wale wa upande wa pili pia, wakisikia mshukiwa wa mauaji ameachiliwa kwa bondi wanasema hakimu amekula hongo. Kabla ya katiba ya 2010 mauaji, uhaini na wizi wa mabavu hazikuwa na dhamana Kenya. Sasa Ibara ya 49 inasema kila aliyekamatwa aachiliwe kwa masharti yanayofaa isipokuwa kuwe na sababu nzito, kwa mfano anatishia mashahidi ama atatoroka, na ni upande wa mashtaka unaofaa kuionyesha hiyo sababu. Ukivuka mpaka wa Namanga mambo ni tofauti, Tanzania sheria yao inataja makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa hivyo mtu akikwambia "dhamana inafanya kazi hivi," muulize kwanza ni wapi.

Mengine ambayo watu wanaamini kimakosa nitayapitia haraka.

"Hawakunisomea haki zangu kwa hivyo kesi imekufa." Hii pia ni ya Marekani, ilitoka kwa kesi ya Miranda ya 1966, na hata huko wasipokusomea kinachotupwa ni yale uliyosema ukihojiwa, kesi inaendelea na ushahidi mwingine. Hapa polisi wanafaa kukuambia kwa lugha unayoelewa kwa nini umekamatwa na kwamba una haki ya kunyamaza. Wakikosa mwambie wakili, lakini usikae ukingoja kesi ijifie. La muhimu kwako ni kunyamaza. Kukiri kwa polisi hakukubaliwi kortini isipokuwa ni mbele ya inspekta ama mkubwa wake, ambaye si mpelelezi wa hiyo kesi, na pawe na mtu mwingine uliyemchagua wewe.

"Masaa 24 yakiisha lazima waniachilie." Umekamatwa Ijumaa jioni, masaa 24 yanaisha Jumamosi, korti imefungwa, kwa hivyo wana mpaka mwisho wa siku inayofuata ya korti kukufikisha kortini. Kwa kawaida hiyo ni Jumatatu. Uganda ni masaa 48.

Juri, wale raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, hapa hatuna. Wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na jaji Mahakama Kuu waliondolewa 2007. Uingereza ni watu 12, Ufaransa kwa kesi nzito zaidi ni raia sita wakikaa na majaji watatu, Afrika Kusini walifuta juri 1969.

"Mlalamishi amesamehe, kesi imeisha." Ugomvi mdogo wa majirani korti inaweza kukubali mpatane. Lakini mtoto akinajisiwa, familia haina uwezo wa kuondoa hiyo kesi, baba hawezi, chifu hawezi, mbuzi waliopelekwa hawawezi. Chini ya sheria ya makosa ya kingono ya 2006 uamuzi wa kusimamisha kesi si wa mlalamishi, leo uko kwa mkurugenzi wa mashtaka, na bado anahitaji ruhusa ya korti. Mkija kwangu na makubaliano yameandikwa na kutiwa sahihi sitayagusa.

Na hii ya mwisho, "kesi iliondolewa, niko huru." Inategemea iliondolewa lini. Ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kabla hujaitwa kujitetea, umeachiliwa lakini wanaweza kukushtaki tena kwa kosa lile lile. Ikiwa ulikuwa umeshaitwa kujitetea, hapo ni kuachiliwa huru kabisa. Kabla hujaita watu nyumbani kusherehekea, muulize karani faili imeandikwa 87(a), 210 (korti imeona huna kesi ya kujibu) ama 215 (uamuzi baada ya kujitetea).