Caroline Ingalls, mama aliyelibeba shamba la Dakota

Mwaka 1886 serikali ya Marekani ilimthibitishia Charles Ingalls umiliki wa shamba lake la ekari zipatazo 160 nje kidogo ya mji wa De Smet, katika eneo la Dakota. Fomu za maombi ya ardhi za wakati ule ziliuliza habari za nyumba, ekari zilizolimwa na mazao yaliyovunwa. Hazikuuliza nani aliwalisha watu wa nyumba hiyo katika miaka ambayo shamba halikutoa kitu.

Mimi ni mwanahistoria wa kaya za wakulima. Kazi yangu ni kusoma sensa, hati za ardhi na barua za familia zilizolima Magharibi ya Kati ya Marekani katika karne ya 19, yaani Wisconsin, Minnesota, Iowa, Kansas, Dakota na majirani zake. Kadiri ninavyozisoma, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya mashamba yale yalisimama kwa kazi ya mama wa nyumba na senti zake, na kwamba mama huyo alipofariki familia ilipoteza kitu ambacho hakikuandikwa popote. Leo nataka kumweleza mmoja wao. Tunamjua vizuri kwa sababu binti yake wa pili, Laura Ingalls Wilder, alikuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto. Lakini nitamweka Laura pembeni kidogo. Mwenye habari hii ni mama yake.

Caroline Lake Quiner alizaliwa Wisconsin tarehe 12 Desemba 1839. Alikuwa na umri wa miaka mitano hivi baba yake alipofariki majini, chombo alichosafiria kilipopotea katika Ziwa Michigan. Mama yake, Charlotte, akabaki mjane mwenye kundi la watoto wadogo katika nchi ya misitu. Kwa hiyo Caroline alijua njaa mapema, na alijua pia kwamba mwanamke anaweza kuishika nyumba peke yake. Akasoma mpaka akawa mwalimu wa shule akiwa bado msichana. Tarehe 1 Februari 1860 akaolewa na Charles Ingalls, kijana wa jirani. Familia hizi mbili zilioleana mara tatu: kaka yake Henry alimwoa Polly Ingalls, na mdogo wake Eliza akaolewa na Peter Ingalls. Ukoo wa namna hiyo ulikuwa ndiyo benki, ndiyo hospitali, ndiyo ushirika wa mavuno. Kuhama mbali nao kulikuwa na gharama kubwa, na Charles alipenda kuhama.

Walihama kweli. Mwaka 1869 walitoka Wisconsin wakaenda kusini mwa Kansas kwa gari la kukokotwa na farasi. Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu masimulizi mengi ya familia hii hupita haraka. Ardhi waliyojenga kibanda chao ilikuwa ya watu wa Osage, ndani ya hifadhi yao iliyotambuliwa kwa mkataba. Akina Ingalls na maelfu ya walowezi wenzao waliingia bila haki, na shinikizo lao likachangia kuwaondoa Osage na kuwasukuma kusini. Caroline hakuwa mtu mbaya, lakini maisha yake huko yalijengwa juu ya ardhi ya wengine, na mwanahistoria akilificha hilo atakuwa amesema uongo.

Huko huko Kansas waliugua malaria. Ndiyo, malaria hii hii tunayoijua sisi. Katika karne ya 19 ilikuwa imeenea katika mabonde ya mito ya Marekani, na walowezi waliitibu kwa kwinini kila walipoipata. Daktari aliyewatibu alikuwa George Tann, Mmarekani mweusi aliyeishi jirani nao na anayeonekana katika sensa ya 1870. Mwezi wa Agosti mwaka huo Caroline alimzaa binti yake wa tatu, Carrie. Alikuwa na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka mitano, hana mama wala dada karibu.

Mwaka 1871 walirudi Wisconsin. Mwaka 1874 walihamia Walnut Grove, Minnesota, wakiwa na tumaini la ngano. Wakakutana na nzige.

Nzige wa Milima ya Rocky walishambulia Minnesota kuanzia 1873 hadi 1877. Msomaji wa Turkana au Isiolo aliyeshuhudia nzige wa 2020 hahitaji kuelezwa shamba linavyokuwa saa chache baada ya kundi kutua. Wale nao walitaga mayai, na mwaka uliofuata yakaanguliwa shambani palepale. Charles alilazimika kwenda mashariki kwa miguu kutafuta kibarua cha kuvuna mashamba ya watu. Tunaposoma kwamba mume alikwenda kutafuta kibarua, tusiishie kwake. Caroline ndiye aliyebaki na watoto, mifugo, kuni, maji na madeni ya dukani.

Ngano iliuzwa mara moja kwa mwaka, na fedha yake mara nyingi ilikwisha kulipa mkopo wa mbegu na zana kabla haijafika nyumbani. Chakula cha kila wiki kilitoka kwingine: mayai, siagi, bustani ya mboga. Mama alikamua ng'ombe, akaacha maziwa yatulie, akaengua malai, akayasukasuka mpaka siagi ikajitenga, akaikamua maji na kuitia chumvi. Siagi nzuri ilibadilishwa dukani kwa sukari, chai, kitambaa na uzi. Sabuni aliitengeneza mwenyewe kwa maji yaliyochujwa katika majivu na mafuta ya nguruwe. Kufua kulichukua siku nzima, kwa desturi Jumatatu: kuchota maji, kuyachemsha, kusugua, kusuuza, kutia wanga, kuanika, na kesho yake kupiga pasi za chuma zilizopashwa moto jikoni. Nguo zilishonwa nyumbani, zikageuzwa, zikapunguzwa kumfaa mtoto anayefuata. Ukijaribu kuyahesabu haya kama mshahara, utaona kwamba mume hangeweza kumudu kumlipa mtu ayafanye. Ndiyo maana wanaume waliokwenda peke yao katika nyika zile mara nyingi walishindwa kukaa.

Sheria ya Homestead ya 1862 ilitoa ekari 160 kwa mtu wa miaka 21 au mkuu wa kaya, kwa masharti ya kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Mjane aliruhusiwa kuomba, na mwanamke asiyeolewa aliruhusiwa. Mwanamke mwenye mume anayeishi naye hakuruhusiwa, kwa kuwa mkuu wa kaya alihesabiwa kuwa mume. Sheria hiyo ilipopitishwa Caroline alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo ingeweza kumwona tu alipofiwa. Miaka yote ya ndoa kabla ya hapo, haikumwona.

Mwaka 1876 ulimchukulia mwanawe. Mtoto wake wa pekee wa kiume, Charles Frederick, aliyemwita Freddie, alizaliwa Novemba 1875 na kufa Agosti 1876 wakiwa safarini, wamekimbia nzige, wakielekea Burr Oak, Iowa, kusaidia kuendesha hoteli ndogo. Alikuwa na miezi tisa. Walimzika Minnesota wakaendelea na safari, kwa sababu kazi ilikuwa inawasubiri. Burr Oak akajifungua binti wa mwisho, Grace, mwaka 1877. Katika vitabu vyake Laura aliuacha kabisa mwaka huu wa Burr Oak, na namwelewa.

Mwaka 1879, wakiwa wamerudi Walnut Grove, binti mkubwa, Mary, aliugua vibaya akapofuka akiwa na miaka 14. Kwa muda mrefu ilisemwa ni homa nyekundu. Mwaka 2013 madaktari watafiti wa Marekani walipitia kumbukumbu zilizobaki, wakaona kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ulikuwa uvimbe wa ubongo na utando wake uliosababishwa na virusi. Kwa mama, maana yake ilikuwa hii: kuanzia siku ile alikuwa na binti ambaye hangeolewa kwa desturi za wakati ule, na ambaye lazima apatiwe maisha. Ninaamini mambo mengi aliyoyafanya Caroline baada ya hapo yalimlenga Mary. Eneo la Dakota lililipia masomo ya Mary katika chuo cha vipofu cha Vinton, Iowa, kuanzia 1881, lakini nguo na nauli zilikuwa juu ya familia. Caroline alishona, Laura akashona mashati ya watu mjini, kisha akafundisha shule, na sehemu ya fedha zake ikaenda kwa dada yake. Mary alihitimu mwaka 1889.

De Smet ndipo safari za gari zilipokwisha. Walifika 1879 Charles akifanya kazi na kampuni ya reli, na simulizi ya familia ni kwamba Caroline alimwambia mumewe hapa ndipo mwisho, watoto wasome. Majira ya kuchipua ya 1880 wasaka ardhi walipomiminika kabla mji haujajengwa, aliwapikia na kuwalaza sakafuni kwa malipo. Kisha ikaja baridi ya 1880–81. Dhoruba ya kwanza ya theluji ilipiga katikati ya Oktoba. Kufikia Januari treni hazikupita tena, na hazikurudi mpaka Mei. Makaa ya mawe yakaisha. Walisokota nyasi kavu kuwa vifundo vya kuni na kusaga ngano ya mbegu kwa kinu cha kahawa, zamu kwa zamu, kutwa nzima, ili upatikane mkate wa siku moja. Ndani ya jengo walimoishi baridi hiyo walikaa pia mume na mke kijana, na huyo mke akajifungua humo humo. Laura alipoandika riwaya aliwaondoa wageni hao, lakini katika kumbukumbu zake za awali wamo. Kwa hiyo Caroline aliwalisha watu wengi zaidi ya wale wasomaji wanaowajua, na alikuwa mkunga pia.

Mwaka uliofuata baada ya kuthibitishiwa shamba, Charles alianza kujenga nyumba mjini, na baadaye wakaliuza lile shamba. Hili huwashangaza wengi. Familia inayosifiwa kama mfano wa wakulima walowezi haikuweza kuishi kwa kilimo. Iliishi kwa useremala, kazi ndogondogo za mjini na mikono ya mama.

Charles alifariki tarehe 8 Juni 1902. Laura alikuja kutoka Mansfield, Missouri, akamkuta hai. Caroline alibaki na Mary katika nyumba ile ya mjini, wakipangisha vyumba, Mary akifuma nyavu za kuwakinga farasi dhidi ya nzi na kuziuza. Miaka 22 ya ujane ilipita hivyo. Mwaka 1913 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilituma barua kwa wake wa wakulima wapatao 55,000 kuwauliza wanahitaji nini. Majibu yaliyochapishwa 1915 yanasomeka kama maisha ya Caroline: maji yako mbali, kazi haina mwisho, upweke, na fedha za shamba hununua mashine za bwana kabla ya bomba la jikoni. Yeye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 73, na hakuwa shambani tena kuulizwa.

Alifariki tarehe 20 Aprili 1924, Jumapili ya Pasaka, akiwa na miaka 84. Alizikwa De Smet kando ya mumewe. Laura hakuwapo mazikoni; tangu 1902 hakuwa amemwona mama yake tena. Umbali, nauli na shamba lake mwenyewe vilimzuia, kama vilivyowazuia watoto wengi wa familia hizo zilizotawanyika kufuata ardhi. Wiki chache baadaye aliandika juu ya msiba huo katika safu yake ya gazeti la wakulima, Missouri Ruralist, kuhusu kumbukumbu zinazoamka mzazi anapoondoka.

Kifo cha Caroline kilionyesha alichokuwa amekishikilia. Mary hakuweza kuishi peke yake. Grace na mumewe walikaa naye kwa muda, kisha akaenda Keystone, South Dakota, kwa Carrie, na huko akapata kiharusi akafariki Oktoba 1928. Nyumba ile ilidumu kama nyumba ya familia muda wote mama alipokuwa hai, na si zaidi ya hapo.

Kuna barua moja ninayowapa wanafunzi wangu kila mara tunapofika kwa Caroline. Mwaka 1925 Laura alimwandikia Martha Carpenter, dada mkubwa wa Caroline, aliyekuwa akiishi Minnesota. Alitaka mama yake mkubwa amweleze walivyoishi utotoni Wisconsin, na hasa vyakula: vilipikwaje, kwa vitu gani. Alikuwa amefikiria kuandika makala kuhusu mapishi ya bibi yake, Charlotte, na mtu ambaye angemjibu bila kufikiri alikuwa ameshazikwa. Hayo ndiyo maarifa yasiyoingia katika fomu ya ardhi. Martha alikuwa na miaka karibu 88. Alifariki mwaka 1927, na kitabu cha kwanza cha Laura kilitoka 1932.