Je, wajua kwa nini Waitaliano hunywa kahawa wima?

Ukiingia baa ya Italia asubuhi kwa mara ya kwanza, utashangaa. Kule baa si kilabu cha pombe, ni mahali pa kahawa, na saa moja asubuhi utamkuta bibi mwenye kapu la soko amebanana kaunta na fundi mwenye ovaroli na wakili mwenye tai. Viti vipo na meza zipo, tena safi, lakini karibu wote wamesimama. Mtu anasalimia, anasema "un caffè", anapiga mafunda matatu, anaaga, ameondoka. Hata dakika tano hazijafika.

Mbona hawakai?

Sehemu ya jibu imeandikwa ukutani. Tazama orodha ya bei, mara nyingi utaona safu mbili: bei ya kaunta na bei ya mezani. Kahawa ile ile, kikombe kile kile. Ukisimama, unalipa kama euro moja na senti kadhaa. Ukikaa, hasa katika miji ya watalii, bei inaweza kuwa maradufu au zaidi. Pale uwanja wa San Marco, Venezia, kwenye mkahawa wa Florian uliofunguliwa mwaka 1720, ukikaa nje wakati bendi inapiga, hata muziki unaingia kwenye bili yako.

Tofauti hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1911 sheria iliruhusu halmashauri za miji ya Italia kuweka kikomo cha bei kwa bidhaa za lazima, na kahawa inayonywewa bila huduma ya mezani ikahesabiwa miongoni mwake. Mimi hapo ndipo panaponigusa. Kahawa iliwekwa karibu na mkate, kitu ambacho mtu wa kipato cha chini hapaswi kunyimwa. Mwenye baa hakuweza kuipandisha sana pale kaunta, basi faida yake akaitafuta kwenye viti. Wateja nao wakazoea kusimama.

Lakini bei peke yake isingetosha kama kahawa yenyewe ingekuwa ya kusubiriwa. Hapa ndipo mashine inapoingia. Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mashine yake ya mvuke mwaka 1884, ila ilikuwa ya kutoa kahawa nyingi kwa mpigo. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akapata hataza ya mashine ya kumpikia mteja mmoja kikombe chake mwenyewe, papo hapo, mbele ya macho yake. Ndiyo maana ya espreso, jina la kahawa hiyo: iliyotengenezwa kwa ajili yako, sasa hivi.

Espreso ile ya mwanzo, hata hivyo, haikuwa hii tunayoijua. Mvuke ulisukuma maji kwa nguvu ndogo na kwa joto kali mno, kahawa ikatoka nyeusi, chungu, yenye ladha ya kuungua. Aliyeibadilisha ni Achille Gaggia, mtu wa baa wa Milano. Alianza na hataza ya mwaka 1938, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaleta mashine yenye mkono wa kuvuta na springi. Springi ile ilisukuma maji kwa shinikizo la kama baa 9 (baa hapa ni kipimo cha shinikizo), karibu mara nne ya upepo wa tairi la gari dogo. Unga wa kahawa gramu 7 hivi, sekunde 25 hadi 30, na kinachotoka ni kiasi cha mililita 25 tu, kimefunikwa na povu la rangi ya asali.

Povu hilo halidumu. Ukiliacha dakika mbili linaanza kupasuka, na kikombe kidogo hupoa haraka. Kinywaji cha namna hiyo hakihitaji kiti. Kinataka mtu aliye tayari.

Kama unaweza kwenda mji mmoja tu kwa ajili ya hili, nenda Napoli. Katika baa nyingi za zamani huko vikombe hukaa ndani ya maji ya moto, na mpika kahawa hukitoa kimoja kwa koleo. Ukikigusisha mdomo bila tahadhari utaruka. Kabla ya kahawa unawekewa glasi ndogo ya maji: unakunywa kwanza ili kusafisha kinywa. Mchanganyiko wa huko hupendwa uwe na robusta, aina ya buni inayoongeza povu na ukali, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa robusta ya Uganda. Ni jamii ya buni ile ile ambayo Wahaya wa Bukoba huitafuna na kumkaribishia mgeni. Nikiwaza njia ndefu kutoka shamba lenye migomba hadi kaunta ile ya marumaru, siwezi kuyanywa yale mafunda matatu kwa haraka.

Napoli ndiko pia kwenye "caffè sospeso", kahawa iliyowekwa akiba. Mtu mwenye furaha hunywa kikombe kimoja na kulipia viwili. Baadaye anaingia mtu asiye na kitu, anauliza kama kuna iliyoachwa. Ikiwapo, anapewa. Hajui nani amelipa, na aliyelipa hajui nani amekunywa. Wanasimama kaunta ile ile, wanashika kikombe cha aina ile ile.

Nawe ukifika, katika baa nyingi lipa kwanza kwa mtu wa fedha, chukua risiti, iweke kaunta mbele ya mpika kahawa. Kapuchino, kahawa yenye maziwa, agiza asubuhi, kwa kuwa maziwa baada ya chakula cha mchana wao huona ni mzigo kwa tumbo. Na usiseme "latte" peke yake. Utaletewa glasi ya maziwa.